Bahasha Mbili za Mwaka 1996: Wasifu wa Mama Masuke

Mama Masuke, kama alivyoitwa na karibu kila mtu aliyefanya naye kazi, alizaliwa Alhamisi tarehe 9 Februari 1956, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya tanuri la mikate. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa mwokaji mikate, mama yake mshonaji. Nyumba ile haikuwa na saa ya ukutani. Mkate ukinukia, watoto walijua ni wakati wa kuamka. Harufu ikiisha, walijua wameshachelewa shule.

Baba yake aligombana na unga maisha yake yote. Gunia lilelile, kutoka kinu kilekile, wiki hii mkate unaumuka vizuri, wiki ijayo unakaa kama tofali. Siku moja binti yake, akiwa na miaka minane, alimwuliza kwa nini. Mzee alikuwa na jasho usoni na wateja mlangoni. Akamjibu, "Kamwulize aliyelima." Alisema hivyo ili aachwe afanye kazi. Mtoto akalichukua kama jibu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, na sekondari kuanzia 1970 hadi 1975. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha kilimo, akatoka mwaka 1978 na stashahada. Darasani kwao walikuwa wasichana wawili. Mwalimu wa mimea aliwaambia siku ya kwanza kwamba wakichoka kuna nafasi kwenye kozi ya upishi. Mwenzake alichoka. Yeye alimaliza akiwa wa pili darasani, na aliyekuwa wa kwanza, alipenda kusema, alikaa karibu na mwalimu. Baadaye alirudi masomoni, chuo kikuu, kuanzia mwaka 1985 hadi 1988, akimwacha binti yake mdogo kwa bibi. Jambo hilo lilimuuma, na hakulificha.

Aliajiriwa tarehe 2 Aprili 1979 katika kituo cha utafiti wa ngano, kama msaidizi wa shamba. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Alihesabu machipukizi ya kila mche, masuke, na punje katika kila suke. Alipima urefu wa shina kwa rula ya mbao, na kwenye mizani alipima uzito wa punje elfu moja. Wengi waliipita kazi hiyo kama daraja la kupandia. Yeye aliipenda kwa dhati, na hapo ndipo lilipotokea jina la Mama Masuke, kabla hata hajawa mama wa mtu.

Aliporudi kutoka chuo kikuu akakabidhiwa shamba la majaribio lenye aina sitini na nne za ngano ya mkate. Wageni wakija aliwaeleza kwa lugha nyepesi. Kila aina ina tabia zake, na tabia hizo zimefungwa pamoja kwa kamba zisizoonekana. Ukitaka masuke mengi, punje zinakuwa nyepesi. Ukitaka mavuno makubwa, unga unapungua nguvu. Ukitaka ikomae mapema ikwepe ukame, mwaka wa mvua inazidiwa na wenzake. Kazi ya mtafiti ni kujua kamba ipi inavuta nini kabla hajaishika. Pia ni kujua tofauti ipi mmea umeirithi na ipi umepewa na udongo. "Ukichagua mche ulionenepa kwa sababu ng'ombe alipita pale," aliwaambia, "hujachagua mbegu. Umechagua ng'ombe."

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1982 na fundi wa mashine za kupura wa kituo hichohicho, ambaye sote tunamwita Fundi na tuko naye hapa leo. Walijuana kwa ugomvi. Fundi alikuwa hasafishi mashine vizuri kati ya aina moja na nyingine, na binti yule aliingia karakana na punje tatu kiganjani. "Hizi si zangu," akamwambia. Fundi akacheka: "Punje tatu tu, dada yangu?" Akajibiwa, "Leo tatu. Mwaka wa tano ni gunia, na hakuna atakayejua limetoka wapi." Fundi akaifungua mashine yote na kuisafisha upya, naye akasimama palepale kuangalia hadi mwisho. Fundi husema aliposhika spana ya mwisho alikuwa ameshakata shauri. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 1983 na kijana mwaka 1990.

Sasa inafika sehemu ambayo familia haikukubaliana kuiandika. Mwenyewe aliagiza iandikwe, na tarehe zake.

Katika zile aina sitini na nne, baada ya miaka ya kuchuja, zilibaki chache. Mbili kati ya hizo zilikuwa Namba 41 na Namba 22. Namba 41 ilikuwa ngano ya kupendeza, yenye shina fupi, suke nene, na shamba lake ukiliangalia limenyooka kama limekatwa kwa mkasi. Namba 22 ilikuwa na suke dogo, na kwa kuitazama tu usingeipa nafasi. Msimu wa 1995 mvua ilitosha, zikakaribiana. Msimu wa 1996 mvua ilikatika mapema, na kumbukumbu za mwaka huo zilionyesha kwamba Namba 41 ilistahimili ukame kuliko zote, na Namba 22 ilifanya vibaya mno. Kituo kikaitupa Namba 22. Namba 41 ikaendelea, mbegu yake ikaongezwa hadi magunia yakajaa ghala, na kamati ya kupitisha mbegu ikapangwa kukaa Jumatano tarehe 11 Machi 1998, wiki chache kabla ya kupanda.

Jumapili tarehe 1 Machi, baada ya chakula cha mchana, Mama Masuke alikaa mezani kwake na madaftari yote ya shamba. Alitaka kumalizia jedwali moja la mwisho, la kuonyesha tabia zipi zinakwenda pamoja na mavuno. Hesabu za mwaka 1996 zikawa hazikai. Akadhani amebonyeza kikokotoo vibaya, akarudia. Kisha macho yake yakashuka kwenye safu ya siku za kutoa masuke. Miaka yote Namba 41 ilitoa masuke siku ya sabini na mbili, ikizidi sana sabini na tatu. Namba 22 ilitoa siku ya sitini na moja. Mwaka 1996, na mwaka huo tu, Namba 41 iliandikwa sitini na moja, na Namba 22 sabini na mbili.

Mavuno hupanda na kushuka kwa mvua na mbolea. Siku za kutoa masuke ni tabia ya kurithi, haziruki siku kumi na moja kwa mwaka mmoja na kurudi. Alielewa palepale. Bahasha za mbegu za mwaka ule zilikuwa zimebadilishana. Iliyostahimili ukame ni Namba 22, ile waliyoitupa. Magunia yaliyojaa ghala, ambayo mbegu yake ilitoka kwenye akiba ya mwaka 1995, yalikuwa ya Namba 41 yenyewe, ngano ambayo haijawahi kuonja ukame na kushinda.

Fundi aliingia akamkuta ameshika kingo za meza kwa mikono miwili. "Nini?" akauliza.

"Nani alijaza bahasha mwaka tisini na sita?"

"Wewe. Mwandiko si wako huo?"

"Ni wangu," akasema. "Ndiyo maana nakuuliza. Nilitaka usikie."

Wiki ile ya mwaka 1996 kijana wao, akiwa na miaka sita, alikuwa amelazwa na homa kali, naye alijaza bahasha akitoka wodini na kurudi wodini. Sababu hiyo hakumpa mtu yeyote. Fundi ndiye aliyeitaja, miaka mingi baadaye.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa mkuu wa kituo. Mkuu alimsikiliza mlango ukiwa wazi, halafu akainuka akaufunga.

"Mama Masuke, nani mwingine anajua?"

"Mume wangu."

"Basi libaki huko. Karatasi zimeshapigwa mhuri. Magunia yako tayari. Wakulima wameahidiwa."

"Wameahidiwa ngano ya ukame, Mkuu. Hiyo iliyoko ghalani siyo."

"Huna uhakika. Ni daftari moja. Labda uliandika vibaya siku tu, mavuno yako sawa."

Alikiri kwamba hilo linawezekana. Ndiyo ilikuwa siku ngumu kuliko zote, alikuja kusema, kwa sababu Mkuu hakuwa mjinga wala mtu mbaya. Alimpa mlango wa kutokea, na mlango wenyewe ulikuwa na mantiki. Mama Masuke aliondoka. Kwa siku nne hakula vizuri. Alirudi kwenye masuke makavu ya mwaka 1996, yaliyokwisha kutolewa punje na kuhifadhiwa kwenye maboksi, akayafungua moja moja na kupima. Yaliyoandikwa 41 yalikuwa madogo. Yaliyoandikwa 22 yalikuwa manene. Ijumaa jioni akamwambia Fundi, "Nimekwisha." Fundi hakujua amekwisha kupima au amekwisha yeye.

Tarehe 11 Machi kamati ilikaa, watu kumi na mmoja mezani. Mkuu alisoma taarifa. Mwenyekiti alipouliza kama kuna la kuongeza, Mama Masuke alisimama. Alieleza bahasha, siku za masuke, maboksi. Akasema kosa ni lake peke yake, wasaidizi wake hawahusiki.

"Je, una uhakika na unachosema?" mwenyekiti akauliza.

"Nina uhakika kwamba hatuna uhakika," akajibu. "Na nyie mnakaribia kuwapa watu walime."

Namba 41 ilisimamishwa. Naye pia alisimamishwa, akaondolewa kwenye utafiti na kupelekwa ghala la mbegu, kuhesabu magunia chini ya mtunza ghala ambaye alimzidi kwa cheo kuanzia siku ile. Alikaa huko miaka mitatu na miezi miwili.

Aliyeumia zaidi nje ya kituo alikuwa mdogo wa Fundi, shemeji yake, mkulima. Alikuwa amechaguliwa kuwa wa kwanza kupanda Namba 41. Alikuwa ameshalima ekari ishirini, amewagawia majirani mbegu yake ya zamani yote, na ametangaza mtaa mzima kwamba ngano ya shemeji yake haiogopi jua. Aliposikia, alikwenda kwao akiwa na matope miguuni, hakukaribia kiti.

"Shemeji, umenivua nguo mbele za watu."

"Nisamehe, shemeji. Kosa ni langu."

"Ungenyamaza hata msimu mmoja!"

"Ungepanda ekari ishirini za kosa langu."

"Ekari ni zangu!" akafoka, akatoka. Mwaka ule alipanda kwa kuchelewa mbegu ya kuokoteza na akavuna kidogo sana. Kwa miaka sita hakumsalimia. Kwenye misiba na harusi alikaa upande wa pili wa uwanja. Mwaka 1999 ukame ulipopiga, kituo kilikuwa na kipande kimoja cha Namba 41 cha kuhakiki, na Fundi alimvuta mdogo wake kwa mkono akamwonyesha. Suke lilikuwa zuri bado. Mkulima yule alilifikicha kiganjani, akapuliza, na kiganja kikabaki karibu kitupu. Alikielewa alichokiona. Na bado hakwenda kumwona shemeji yake, kwa sababu kuwa na makosa ni jambo moja, na kutembea hadi mlangoni kwa mtu kusema hivyo ni jambo jingine. Shemeji huyo ndiye anayewasomea wasifu huu.

Huko ghalani, jambo lililomnyima Mama Masuke usingizi lilikuwa Namba 22. Ilikuwa imetupwa kwa amri yenye sahihi yake mwenyewe. Alipekua rafu zote. Mtunza ghala, mzee mkali wa maneno machache, alimwacha apekue siku tisa. Siku ya kumi akamwuliza, "Unatafuta nini hasa?" Akamwambia. Mzee akasema, "Ungeuliza," akaenda kwenye kabati la vitu vibovu, chini ya mizani iliyovunjika, akatoa bahasha ya mwaka 1995, ya kabla ya kubadilishana. "Mimi huwa situpi kitu kwa barua ya kwanza," akasema. "Nasubiri ya pili. Haikuja."

Zilikuwa punje mia tatu na kumi na mbili. Hakuwa na ruhusa ya kufanya utafiti, kwa hiyo aliomba kwa maandishi kipande cha ardhi nyuma ya ghala "kwa kupima uotaji wa mbegu za akiba", maneno ambayo yalikuwa kweli, ingawa hayakuwa kweli yote, na alimwambia Mkuu hivyo usoni. Mkuu alitia sahihi bila kuinua kichwa. Punje zilipandwa moja moja kwa kipimo cha kidole. Zaidi ya nusu hazikuota. Wiki ya kujaa punje ndege walishuka, na yeye, Fundi na mzee wa ghala walipokezana kukaa pale na makopo ya kugonga, kuanzia alfajiri hadi jua kuzama. Walivuna kikombe kimoja na nusu cha ngano. Mwaka uliofuata vikombe vikawa debe. Mwezi Mei 2001 mkuu mpya alipoingia, akasoma kumbukumbu za kamati na kumrudisha kwenye utafiti, alimkuta ana mbegu tayari.

Mwaka 2004 ilibidi Namba 22 ijaribiwe nje ya kituo, kwenye udongo wa mkulima. Mama Masuke alikwenda mwenyewe kwa shemeji yake, akasimama getini.

"Shemeji, nimekuja kuomba shamba. Sikuja kuomba msamaha, ule niliuomba mwaka tisini na nane, hukunijibu."

Shemeji alimpa kona ya juu yenye mawe, isiyoota hata majani ya maana, akidhani ataona haya na kuondoka. Mama Masuke alishukuru akafungua gunia. Mwaka ule haukuwa wa mvua. Kona ile ilitoa ngano, si nyingi, ila nzito, na shemeji alikwenda kuitazama kila siku kwa siri mpaka siku walipokutana pale wote wawili. Hapo ndipo shemeji alipomwambia aliyopaswa kumwambia. Mama Masuke alimjibu, "Sawa. Sasa nisaidie kupima urefu, rula iko hapo." Basi. Hakulitaja tena.

Namba 22 ilipitishwa tarehe 6 Februari 2006. Mama Masuke hakuisifu kuliko ilivyostahili. Kila mkulima aliyeichukua aliambiwa wazi kwamba mwaka wa mvua nzuri jirani yake mwenye aina nyingine atamzidi. Baadhi waliichukua, wengine waliiacha. Aliendelea kufanya kazi hadi alipostaafu tarehe 9 Februari 2016. Kila kijana aliyeanza kazi chini yake alionyeshwa zile bahasha mbili za mwaka 1996, akaambiwa asome mwandiko ni wa nani.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2019. Madaktari walisema mapafu yamechakaa kwa vumbi la miaka mingi ya kupura na kupepeta. Alipewa dawa ya kupuliza na akakatazwa kwenda shambani kipindi cha mavuno. La kwanza alilitii. Mwezi Juni mwaka huu hali ilibadilika, akalazwa wodi namba tatu, kitanda cha dirishani, na hewa ya mtungi.

Huko ndiko lilikotokea agizo lake. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alikuwa akiandaa maelezo ya maisha ya mama yake na akasoma kwa sauti: "Alifanya kazi kwa uaminifu bila doa."

Mama akasogeza mrija wa hewa. "Bila doa la nani? Andika bahasha. Andika na tarehe."

"Mama, watu watakaokuja hawajui habari hiyo. Kwa nini wakukumbuke kwa kosa?"

"Ukiondoa mwaka mmoja, hesabu zote zinakuwa uongo."

Binti alilia na kukataa, akatoka nje ya wodi. Mdogo wake wa kiume alikuwa upande wake. Walibishana siku tatu kwenye korido, mbele ya Fundi, na kila siku mama alipumua kwa shida zaidi kuliko jana yake. Siku ya nne mgonjwa alimwita shemeji yake. "Wewe utasoma," akamwambia. "Wewe ndiye uliyeumia. Ukisoma wewe hawatakata kitu." Shemeji alipotoka nje na kuwaambia watoto, binti aliketi akaandika, kisha akampa daftari. Sehemu ya bahasha iliyosomwa hapa imeandikwa kwa mkono wa binti yake.

Jumanne tarehe 27 Agosti 2024 alizungumza asubuhi na mume wake kuhusu mashine ya kupura, kama imefunguliwa na kusafishwa. Baada ya mchana hakuzungumza tena. Binti yake alishika kifundo cha mkono wake akihesabu mapigo, na saa tisa na dakika ishirini alasiri hakukuwa na cha kuhesabu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane.

Ameacha mume, watoto wawili, mkwe wa kike na mkwe wa kiume, wajukuu watano, kaka mmoja, wadogo zake wawili, na shemeji. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, majirani, na wafanyakazi wenzake wa zamani. Mtaona viti vyao vingi viko wazi. Ngano imekauka shambani na wingu limetanda tangu jana, kwa hiyo wako huko wanavuna, na wameomba radhi. Hawana haja ya kuomba. Wangekuja hapa leo na kuiacha inyeshewe, angewafukuza mwenyewe.

Mungu akupokee, dada yetu, na akupe mapumziko ambayo hukujipa.